Namba 3 Yenye Jalada Jekundu

Kambi ya wakimbizi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, shirika nililokuwa nikiliendeshea gari lilipunguza watu, na bosi wangu, Mmarekani wa Washington, akarudi kwao. Asubuhi ya kumpeleka uwanja wa ndege hapa Kigoma alinikabidhi sanduku la bati. Alisema kulisafirisha ni gharama kuliko vilivyomo, na kwamba kwa miaka mitatu nimevumilia muziki wake njia nzima ya Kasulu, kwa hiyo ni haki yangu. Ndani mlikuwa na pleya ya santuri, transfoma ya kushusha umeme, na santuri 11 za panki. Panki ninayoisema si ule mtindo wa kunyoa nywele. Ni muziki wa magitaa, wa haraka na wa hasira, ulioshika moto Uingereza na Marekani miaka ya 1970, na vijana wengi walioupiga walijifunza chombo huku tayari wamepanda jukwaani.

Kuna vijana wawili hapa mjini wameanza kununua santuri, na nikiwaangalia naona wanaelekea kwenye shimo lilelile nililotumbukia mimi. Hawa ndio ninaowaandikia, na yeyote mwingine atakayefaidika.

Santuri zote 11 zilikuwa za lebo moja ndogo, yaani kampuni ya kutoa santuri, Dischord, ya Washington. Ilianzishwa mwaka 1980 na vijana waliokuwa ndio kwanza wanamaliza shule. Ian MacKaye, anayefahamika zaidi kati yao, alikuwa na miaka 18. Bendi yao, Teen Idles, ilikuwa inavunjika. Walikuwa wameweka akiba ya fedha za maonyesho, kama dola 600, na badala ya kugawana wakaamua kutoa santuri moja ya nyimbo zao ibaki kama kumbukumbu. Wakachapisha nakala 1,000. Majalada waliyakata kwa mkasi, wakayakunja na kuyagundisha wenyewe kwa mkono, na waliendelea hivyo kwa maelfu ya majalada yaliyofuata. Hiyo ndiyo namba 1. Juu yake kuna picha ya ngumi mbili zilizopishana zenye alama ya X, ile waliyochorwa watoto mlangoni mwa kumbi ili wasiuziwe pombe.

Habari hiyo ilinigusa kuliko muziki wenyewe, nasema kweli. Nimekulia mji ambao bendi zake zilipanda treni hadi Dar es Salaam kwenda kurekodi Radio Tanzania, na kama hukuitwa, nyimbo zako ziliishia kwenye masikio ya walioingia ukumbini usiku huo. Sasa hawa watoto hawakumsubiri mtu. Na kabla hujaniambia kwamba hayo ni mambo ya wazungu, ujue kwamba bendi iliyowawashia moto vijana wale ni Bad Brains, weusi wa jiji hilohilo, Marasta, waliotoka kwenye jazi wakaupiga muziki huu kwa kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia.

Kila santuri ya Dischord ina namba. Zangu zilikuwa na namba 7, 9, 10, 16, 24, 30, 44 na nyingine chache. Nilizipanga ukutani kwa mfuatano, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Macho yangu hayakuziona zile 11. Yaliona mapengo.

Lakini kwanza pleya, maana kosa langu la kwanza lilikuwa hapo na liliniibia miezi minane. Niliifunga sebuleni, nyumba ya kupanga pale Mwanga, nikaweka namba 44, Repeater ya bendi ya Fugazi, ya mwaka 1990. Mwimbaji alitoa sauti nzito, ngoma zikaburuza miguu. Nilijua muziki huo kwa kaseti ya garini, ila nilijiambia labda santuri ndivyo ilivyo, ina uzito wake. Nikazoea, hata nikapenda. Siku moja kijana wa ofisini akanipigia wimbo uleule kwenye simu yake, na ulikwenda mbio, juu, kama mtu aliyefukuzwa.

Nikaibeba pleya hadi kwa mzee mmoja fundi redio karibu na soko la Mwanga. Aliigeuza chini juu kabla hata sijamaliza kueleza, akaweka kidole kwenye kibati cha nyuma: 120V, 60Hz.

"Mwanangu, transfoma yako imeshusha volti tu," alisema. "Mawimbi hayajaguswa. Kwao umeme unapiga sitini kwa sekunde, kwetu hamsini. Mota hii inafuata mawimbi, haifuati volti."

Yaani kwa kila mizunguko sita iliyotakiwa, pleya yangu ilizunguka mitano. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ilikuwa inazunguka kama 28. Tena siku hizo Kigoma tulikuwa kwenye umeme wa majenereta ya dizeli, na jenereta lilipoyumba na mwimbaji aliyumba.

Dawa yake ilikuwa kupuli kidogo kwenye shingo ya mota, kile kinachovuta mkanda. Mzee alikipima kwa kipimo chake cha chuma na kunipeleka kwa wakerezaji walio upande wa bandarini, tukatengeneza kingine cha shaba chenye kipenyo kilichozidi kwa moja ya tano: palipokuwa na milimita 10, tukaweka 12. Halafu akanifundisha kipimo ambacho sijawahi kukiacha. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa, hesabu. Kwa dakika 3 kamili lazima kipite mara 100. Kabla ya kupuli kipya kilipita mara 83. Baada ya kukifunga tulihesabu pamoja, mzee akiwa na saa mkononi, na kilipopita mara ya 100 sindano ya sekunde ilikuwa juu ya 12. Nikaweka namba 44. Nilikaa chini kwenye kigoda cha wateja, sikuweza kusema kitu.

Kwa hiyo ukipewa au ukinunua pleya ya Marekani, soma kibati kwanza. Kama mota yake ni ya umeme wa DC unaopitia adapta, huna tatizo la mawimbi. Kama inachomekwa ukutani na kibati kinasema 60 peke yake, tafuta kupuli cha 50 kabla hujanunua santuri hata moja.

Mwaka 2013 nikaanza kuagiza. Lebo yenyewe ina zaidi ya namba 150, basi nikajiwekea mpaka: 1 hadi 50. Mpaka ule ulionekana wa busara kwa sababu namba 50 inafunga duara kwa namna yake, ilirekodiwa 1981 ikatoka 1991. Kitu ambacho sikukifikiria ni maana ya neno "kamili". Chukua Minor Threat, bendi iliyofuata ya MacKaye. Nyimbo zake za kwanza ziko kwenye namba 3, santuri ndogo ya 1981. Zikarudi kwenye namba 12, ya 1984. Zikarudi tena kwenye CD, namba 40, ya 1989. Nyimbo zilezile, mara tatu, na kila moja nililipia nauli kutoka ng'ambo. Halafu kuna namba za nusu, kazi walizotoa kwa ushirika na lebo nyingine ndogo za mjini kwao. Je, nusu ni sehemu ya ukamilifu au siyo? Kuna toleo la kwanza na matoleo ya kurudia. Kuna Flex Your Head, mkusanyiko wa bendi mbalimbali wa mwaka 1982, ambao ulitoka na majalada tofauti. Mtu asiyeamua mapema anakamilisha nini, kila anayeuza atamwamulia.

Kama unachotaka ni muziki, nakuambia wazi: LP, yaani santuri kubwa, mbili za 1984, namba 12 na namba 14, zina nyimbo zote za santuri sita ndogo za mwanzo. Mbili tu. Mimi nilizipata zote mbili mwaka wa kwanza. Bado nikaendelea kuzitafuta zile sita.

Gharama. Santuri ya dola 15 si ya dola 15. Nauli ya kuileta Tanzania ilikuwa dola 28 mara ya kwanza nilipoagiza, na kodi yetu inakokotolewa juu ya bei pamoja na bima na usafiri, si bei peke yake. Kwa hiyo ushuru na VAT ya asilimia 18 vilidaiwa juu ya dola 43 na zaidi. Niliona giza. Baadaye nikajifunza kuagiza santuri sita au nane kwa mkupuo, nauli ikagawanyika. Matoleo mengi ya Dischord bado yanachapwa upya na yanauzwa na lebo yenyewe kwa bei ya kawaida, tangu mwanzo wana msimamo wa kutouza ghali. Wamewahi hata kuchapa bei kwenye majalada ili duka lisimlangue mteja. Anza huko. Usikimbilie wauzaji wa vitu adimu. Na usimwombe muuzaji aandike bei ya uongo kwenye karatasi ya mzigo. Niliomba hivyo mara moja, akaandika dola 1, na mzigo ukazuiwa wiki tano kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeamini kwamba santuri sita zilizolipiwa nauli ya dola 50 zina thamani ya soda.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: mwambie muuzaji aitoe santuri ndani ya jalada, aiweke nyuma yake, vyote ndani ya mfuko wa nailoni. Ikibaki ndani, kila kishindo cha safari kinaisukuma, na ukingo wake unapasua mshono wa jalada kama kisu. Majalada yangu manne ya mwanzo yana mpasuko huo.

Mizigo ilikuwa inafikia kwa shemeji yangu Dar, ambaye ndiye pia aliyekuwa na kadi ya benki ya kulipia. Yeye alinitumia kwa treni au kwa mtu anayesafiri. Mwaka 2014, reli ikiwa imekatika kwa mvua, akakabidhi boksi la LP sita kwa utingo wa basi. Utingo, kwa nia njema kabisa, aliliweka nyuma ya siti za mwisho, juu ya injini, ili lisilowe. Nililipokea stendi likiwa bado na joto. Nilifungua palepale. Tano zilikuwa na mawimbi. Ya sita, namba 16, Rites of Spring, bendi ambayo wawili kati yao baadaye waliingia Fugazi, ilikuwa imekunjika pembezoni ikawa bakuli. Ungeweza kuwekea matembele. Tena hiyo haikuwa hata ya pengo. Nilikuwa nayo tayari, niliagiza nyingine kwa sababu jalada langu lilikuwa na doa.

Nikafanya kosa juu ya kosa. Nikaiweka juani juu ya bati ili ilainike niinyooshe. Ililainika, na mifereji yake ikalainika pia. Zile tano nilizibana kati ya vioo viwili vya dirisha, juu nikapanga matofali manne yaliyofungwa gazeti, chumba cha ndani, wiki saba bila kugusa. Tatu zilirudi zikapigika. Mbili bado zinairusha sindano. Tangu hapo mzigo wangu husafiri na mtu, umesimama wima, na mtu huyo namlipa.

Sasa nifike kwenye namba 3.

Toleo la kwanza la santuri hiyo ya Minor Threat lina jalada jekundu, na kijana amekaa kwenye ngazi ameinamisha kichwa chenye upara juu ya magoti. Ni Alec, mdogo wake MacKaye. Zilichapwa 1,000 tu zenye rangi hiyo. Mwaka 2016 nilikuwa na namba 38 kati ya 50, na nilikuwa siwezi kupita mbele ya rafu bila kuona pengo lile la tatu. Muuzaji mmoja mtandaoni akatangaza moja kwa dola 420. Nakala halisi huuzwa zaidi ya hapo, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini huyu anauza chini, nikaona nimebahatika.

Dola 420 siku hizo ilikuwa zaidi ya laki tisa. Fedha hizo zilikuwepo ndani, kwenye bahasha, na zilikuwa za mabati. Tulikuwa tumepandisha kuta za vyumba vitatu kule Gungu, na mke wangu alikuwa ameziweka kidogokidogo kutoka kwenye biashara yake ya dagaa, akiamka saa tisa usiku kwenda Kibirizi kusubiri mitumbwi. Nilijiambia nitazirudisha kabla ya masika. Sikumwuliza. Hilo silipambi kwa maneno.

Ilifika salama. Niliitazama dakika kumi, nikaifunga kwenye nailoni mbili, nikaiweka kabatini. Sikuipiga. Wakusanyaji wengi hawapigi santuri ya aina hiyo, kila mpigo unapunguza thamani. Niliamini hivyo. Miezi minne ilipita.

Mke wangu alifungua bahasha mwezi wa kumi, mafundi wakiwa wameshaitwa. Nilimwonyesha santuri. Hakupiga kelele. Aliigeuza mkononi, ndogo kama sahani ya chai, akasema, "Baba watoto, basi niwekee nisikie."

Nikamwambia haipigwi.

"Haipigwi?" Alinitazama. "Nimeamka usiku mwaka mzima kwa kitu kisichopigwa?"

Niliiweka. Mikono ilikuwa inatetemeka. Wimbo ulianza, na nikasikia mikwaruzo, ta, ta, ta, kwa mpangilio wa mzunguko, kama santuri iliyochakaa. Nikaitoa, nikaisogeza kwenye taa. Ilikuwa laini kama kioo. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Niliiweka tena, ta, ta, ta, mahali palepale. Nikaelewa nikiwa bado nimeshika sindano: mikwaruzo ile haikuwa ya santuri yangu. Ilikuwa ya santuri nyingine, ya mtu mwingine, iliyorekodiwa na kuchapwa upya kwa wizi, pamoja na uchakavu wake wote.

Baada ya hapo kila kitu kikajionyesha. Jalada lilikuwa limekatwa kwa mashine, kingo zimenyooka, gundi haionekani. La kweli lilikunjwa na mikono ya vijana na linaonekana hivyo. Picha ukiitazama kwa lenzi ilikuwa imevunjikavunjika nukta, kwa kuwa ilipigwa kutoka kwenye picha iliyokwisha kuchapwa. Na ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati, ambako mchongaji huandika namba za chapa, haikufanana na picha ambazo wakusanyaji huwekeana. Yote hayo ningeweza kuyaona siku ya kwanza. Muda wa kudai fedha kwa muuzaji ulikuwa umeshapita. Ningeipiga siku ilipofika, ningerudishiwa kila senti.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kulipa, omba picha ya sehemu hiyo tupu, pande zote mbili, na picha ya mshono wa jalada. Akikataa, acha. Ikifika, ipige siku hiyohiyo, yote, huku umeitazama kwenye mwanga.

Nyumba ya Gungu ilinyeshewa ndani masika yale. Nilikopa chama cha madereva, nikaezeka mwezi wa nne mwaka uliofuata. Niliuza santuri tisa za marudio kulipa sehemu ya deni, na zile zilizouzika haraka ni zile nilizozipenda, ndivyo ilivyo sokoni. Na mke wangu nilimpa nywila ya kila mahali ninaponunua. Hakuwa ameiomba. Siku hizi nalipa kwa kadi ya malipo ya kwenye simu, naweka kiasi cha mzigo huo tu, na kila mzigo tunaujua sote wawili.

Namba za nusu nimeziacha. Majalada ya rangi nimeyaacha. Kwenye pengo la namba 3 nimeweka namba 12 igeuke upande, na sikerwi tena nikilipita. Nina 44 kati ya 50, na sita zilizobaki zikitokea kwa bei ya kusikilizwa nitanunua.

Kitu kimoja ambacho hakuna mwongozo wa ng'ambo utakuambia: mchwa. Jalada la santuri kwao ni chakula kilichopangwa kwenye sinia. Mwaka 2018 niliondoka siku kumi, nikarudi nikakuta wamepanda kwa kona ya ukuta na kula safu yote ya chini, karatasi zimebaki ganda, santuri zenyewe nzima. Rafu yangu sasa ni ya chuma, iko nusu futi kutoka ukutani, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Kila Jumapili nachungulia makopo. Kwa kusafisha natumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri, na tone la sabuni ya vyombo. Dukani sema wazi kwamba hutaki asidi, maana zote mbili wanaziita maji ya betri.

Mzee fundi alifariki miaka mitatu iliyopita. Kupuli chake cha shaba bado kiko kwenye mota, kimeng'aa upande mmoja ambako mkanda unapita. Wiki iliyopita mkanda ulilegea, nikafunga mpya, nikabandika karatasi ukingoni mwa sahani. Binti yangu mkubwa alishika simu kuangalia muda, mimi nikahesabu kwa sauti, na mama yake akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko. Tisini na nane. Tisini na tisa.

"Dakika tatu," binti akasema, na karatasi ikapita.